Kipimo Hakikuonyesha Kitu, na Homa Bado Ipo

Tarehe 27 Februari 1905, daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton alifariki Kasongo, akiwa katika msafara wa chuo cha tiba ya magonjwa ya nchi za joto cha Liverpool. Kilichomuua ni homa ileile aliyokuwa akiichunguza.

Dutton alikuwa hodari wa kufuatilia majibu yaliyowashinda wengine. Mwaka 1901, huko Gambia, daktari Forde alimtibu nahodha wa meli ya serikali ambaye homa yake haikusikia kwinini. Alipotazama damu kwa hadubini aliona vijidudu vikijinyonganyonga kama minyoo, asivitambue. Angeweza kuandika malaria na kumruhusu mgonjwa aende zake. Yeye alimwita Dutton, naye akatambua kuwa ni trypanosoma, kimelea cha malale.

Baadaye, huku Kongo, Dutton na mwenzake John Todd walionyesha kuwa homa ya papasi huenezwa na papasi mwenyewe. Wote wawili waliugua, Todd akapona. Bakteria wa homa hiyo anaitwa Borrelia duttonii, kwa jina la yule aliyezikwa ugenini.

Papasi hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku hutoka, hunyonya damu ya aliyelala, na kabla ya alfajiri amesharudi ufani. Asubuhi hakuna anayejua kilichompata. Homa ikianza hupanda siku chache, na kichwa na viungo vyote vinauma. Kisha inashuka, mtu anashika jembe, na baada ya wiki hivi inamwangusha tena. Mwenye mimba anaweza kupoteza mtoto.

Hapo ndipo vipimo vinapochanganya watu. Bakteria hao huonekana kwa urahisi katika damu wakati homa imepanda. Ikishuka hupungua mno, na tone la damu halionyeshi kitu. Mgonjwa aliyetembea kutwa kutoka kijijini anafika kituoni homa imetulia, anaambiwa: "Mama, hatujaona ugonjwa." Kipimo hakikusema uongo. Kilichukuliwa saa isiyo yake.

Kipimo cha haraka cha malaria nacho kina mipaka yake. Aina nyingi hutafuta protini ya kimelea, ambayo hubaki katika damu wiki kadhaa baada ya dawa kufanya kazi. Kwa hiyo mistari miwili inaweza kumhusu mtu aliyekwisha kupona malaria, na homa ya leo ina chanzo kingine. Kipimo cha malale cha kadi hutafuta kinga za mwili tu. Mwenye jibu la ndiyo hutafutiwa kimelea chenyewe katika damu au majimaji ya tezi za shingo.

Basi ndugu msomaji wa Kasongo, Lusangi na Kabambare, homa ikirudi usimeze dawa ileile mara ya tatu kwa kukisia. Nenda kituoni mwili ukiwa bado wa moto, omba damu itazamwe kwa hadubini. Eleza homa ilianza lini, ilikoma lini, unalala wapi. Karatasi za vipimo vya zamani zihifadhi, uende nazo. Nanyi waganga wetu, msimrudishe mgonjwa kwa sababu karatasi haikuandika kitu. Msikilizeni, kisha mpimeni tena.