Kisa cha simba wa Tsavo kinavyoweza kuandikwa upya kwa watoto wa leo

VITABU wanavyosoma watoto huzeeka kama binadamu. Maneno yaliyokuwa ya kawaida enzi za babu humkwaza mjukuu, na baadhi ya yale yaliyosomwa zamani bila kuulizwa leo huonekana kuwa matusi. Wachapishaji na walimu hubaki wakijiuliza: je, vitabu hivyo viachwe vilivyo, virekebishwe, au viandikwe upya?

Kwa wakazi wa Voi na Kaunti ya Taita Taveta kwa jumla, swali hilo lina mfano ulio karibu na nyumbani, nao ni kisa cha simba wawili waliowala wajenzi wa reli huko Tsavo mwaka wa 1898.

Kisa hicho kilienea ulimwenguni kupitia kitabu The Man-Eaters of Tsavo, kilichochapishwa London mwaka wa 1907. Mwandishi wake, Luteni Kanali John Henry Patterson, ndiye aliyesimamia ujenzi wa daraja la Mto Tsavo, takriban kilomita 50 kutoka Voi ukielekea Nairobi. Ndiye pia aliyewaua simba hao kwa bunduki, wa kwanza Desemba 9 na wa pili Desemba 29, 1898.

Kitabu hicho hakikuandikiwa watoto, lakini kisa chenyewe kimesimuliwa kwa vijana kizazi baada ya kizazi. Patterson alifariki mwaka wa 1947. Kwa kuwa sheria ya Kenya hulinda hakimiliki kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, sasa mtu yeyote anaweza kukisimulia upya bila kuomba idhini.

Hata hivyo, uhuru huo wahitaji uangalifu. Nchini Uingereza, mwaka wa 2010, wachapishaji wa Enid Blyton walibadilisha msamiati wa vitabu vya Famous Five ili ulingane na usemi wa watoto wa sasa. Mabadiliko hayo hayakupokelewa vyema, na mwaka wa 2016 maneno ya awali yakarejeshwa. Mwaka wa 2023, kampuni ya Puffin ilishutumiwa kwa kubadilisha mamia ya sehemu katika vitabu vya Roald Dahl, ikatangaza kwamba ingechapisha pia matoleo ya zamani.

Kiswahili kina mfano wa njia nyingine. Hadithi ya Lewis Carroll kuhusu msichana Alice ilitolewa kwa Kiswahili mwaka wa 1940 kwa jina Elisi katika Nchi ya Ajabu. Ida Hadjivayanis hakuitia viraka kazi hiyo, bali alitafsiri hadithi hiyo upya, na tafsiri yake ikachapishwa mwaka wa 2015 kwa jina Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Ya zamani ikabaki kuwa kumbukumbu ya wakati wake.

Njia hiyo ya kuandika upya pasipo kufuta cha kale ndiyo inayokifaa kisa cha Tsavo. Atakayeifuata atakabiliwa na mambo matatu.

Kwanza ni idadi ya waliouawa. Katika kitabu chake, Patterson alitaja vibarua 28 kutoka India, pamoja na Waafrika ambao hawakuwekewa hesabu kamili. Baadaye alitaja watu 135. Uchunguzi wa mifupa na manyoya ya simba hao, uliochapishwa mwaka wa 2009, ulikadiria watu wapatao 35.

Pili ni sababu. Masimulizi ya kale huwachora simba hao kama mashetani. Watafiti wamegundua kwamba mmoja wao alikuwa na jino lililovunjika na kupata usaha, hali ambayo huenda ilimzuia kukamata wanyama wakubwa. Mtoto anayeishi kando ya Mbuga ya Tsavo Mashariki, ambako simba huvamia mifugo na ndovu huingia mashambani, anahitaji kuelewa kwamba mnyama huwa na sababu zake.

Tatu ni wahusika. Katika kitabu cha 1907 shujaa ni Mzungu mmoja, nao wengi wa Waafrika waliouawa hawana hata majina. Lakini kitabu hicho hicho kina shairi refu la fundi mmoja kutoka India, Roshan, la Januari 1899, linalosimulia mkasa huo. Mwandishi wa leo anaweza kuanzia hapo na kuwapa wafanyakazi sauti yao bila kubuni chochote.

Aidha, kuna hatari ya kulainisha kisa kupita kiasi. Usiku wa giza, boma la miiba na hofu kambini havifai kuondolewa, kwani ndivyo vinavyomfanya mtoto afungue ukurasa unaofuata. Vivyo hivyo kwa siku ambayo mamia ya vibarua walijilaza relini, wakasimamisha treni na kukimbilia pwani. Hapo mtoto ataona watu waliojiamulia mambo yao, wala si kundi linalongoja kuokolewa.

Lugha nayo ni suala. Mtaala wa Kenya unaruhusu watoto wa madarasa ya chini kufundishwa kwa lugha ya eneo lao. Mjini Voi, ambako jamii nyingi zimechanganyika, Kiswahili chafaa. Huko Wundanyi na vijiji vya milimani, toleo la Kidawida lingemfikia mtoto kwa lugha ya nyumbani.

Hatimaye, mwandishi anayebadilisha kisa hana budi kumweleza msomaji alichobadilisha na sababu yake. Ukurasa mmoja mwishoni mwa kitabu watosha.

Patterson aliziuza ngozi za simba hao kwa dola 5,000 katika miaka ya 1920, na tangu wakati huo zimo katika makavazi ya Field Museum mjini Chicago, Marekani. Watoto wengi wa Voi huenda wasiwaone simba hao kamwe, na watakachokijua kuwahusu kitatoka katika kitabu watakachopewa.