Paka wa porini na mitishamba: kipi cha hadithi, kipi cha kweli?

Msikilizaji mmoja wa Kanoni alituletea swali kwa ujumbe mfupi. Mwanawe yuko likizo na anacheza kwenye simu mchezo wa kuigiza ambamo paka wa porini wana mganga wao. Mganga huyo huchuma majani, huyatafuna, huyapaka kwenye vidonda, na mengine huwapa wenye kikohozi. Mzazi anauliza: wanyama wanajua dawa kweli, au watoto wetu wanadanganywa?

Paka mganga anayetibu wenzake hayupo, huyo ni wa hadithi. Lakini wanyama wanaojitibu wenyewe wapo, na mfano mmojawapo unaojulikana sana duniani umetoka hapa Tanzania, tena kwa mti ambao wengi wetu tunao uani.

Tuanze na paka. Umewahi kumwona paka wako akila nyasi? Hata chui na simba hula, na watu wanaochunguza kinyesi chao porini hukuta nyasi nzima ambazo hazikusagika. Mla nyama hapati shibe kwenye nyasi. Maelezo ambayo watafiti wengi wanayaegemea ni kwamba nyasi hupita tumboni zikizoa minyoo na kuisukuma nje. Paka mzima wa afya naye hula, kwa hiyo ukimwona anakula nyasi usidhani lazima anaumwa. Huenda ni tabia aliyorithi kwa mababu zake wa porini, ambao minyoo haikuwaisha.

Huko Japani kuna mmea unaoitwa matatabi. Paka akiukuta hujisugua nao kichwa na uso, hugaagaa kama mlevi. Mwaka 2021 watafiti wa nchi hiyo walieleza kwamba majani yake yana kitu kinachofukuza mbu, na paka waliojisugua walitua mbu wachache kuliko wengine. Walipowapa chui na jaguar waliofugwa kwenye bustani ya wanyama, nao walijisugua. Kwa hiyo yule aliyetunga mchezo hakuwa mbali sana na ukweli.

Sasa twende Mahale, mkoani Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Watafiti kutoka Japani wamekuwa wakiwafuatilia sokwe wa milima hiyo tangu mwaka 1965. Novemba 1987, Mmarekani Michael Huffman alikuwa msituni na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeyajua mimea na wanyama wa pale kuliko mtu yeyote. Walikuwa wakimtazama sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa, hana nguvu, analala mchana, mkojo wake umebadilika rangi. Akaenda kwenye kichaka kimoja, akavunja tawi, akatupa majani na maganda, akatafuna kile kitu laini cha ndani ya shina na kufyonza maji yake machungu. Kalunde alimwambia mwenzake kwamba mti huo ni mjonso, na Watongwe huutumia kwa homa, maumivu ya tumbo na minyoo. Kesho yake Chausiku alikuwa amepata nafuu.

Mjonso ndio huu tunaouita omubilizi. Ndiyo, ule mchungu ambao bibi akiutaja tu watoto wanakimbia.

Baadaye sokwe mwingine aliyetafuna omubilizi alipimwa kinyesi. Mayai ya minyoo yalishuka kutoka 130 hadi 15 kwa gramu moja ndani ya saa 20 hivi. Huyo ni mnyama mmoja tu, lakini maabara nazo zilikuta ndani ya mti huo vitu vinavyodhuru vijidudu. Sokwe wa Mahale na Gombe wana njia ya pili pia: asubuhi, kabla ya kula, hukunja majani yenye manyoya magumu na kuyameza mazima bila kutafuna. Majani hutoka yalivyo, na minyoo imenaswa humo. Hufanya hivyo zaidi wakati wa mvua, minyoo inapoongezeka.

Wazee wa Kitongwe hawakushangaa. Kalunde alisimulia kwamba babu yake alijifunza dawa ya kuhara damu kwa kumtazama nungunungu mgonjwa akichimba na kula mizizi ya mmea uitwao mulengelele. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito wa habari hii: watu walijifunza kwa kutazama kwa makini.

Na ukitazama kwa makini utaona kwamba Chausiku alitupa majani. Ni kwenye majani na maganda ndiko kuna sumu zaidi. Alichukua kidogo, kisha akaacha, kwani sokwe hawaufanyi omubilizi chakula cha kila siku. Kule Nigeria na Kamerun watu hula majani hayo kama mboga, lakini huyaosha na kuyafikicha mara nyingi hadi uchungu upungue. Sisi huku mtu hutwanga fungu zima la majani mabichi, akakamua na kumpa mtoto wa miaka miwili kikombe kizima. Hakuna mnyama anayefanya hivyo.

Kuna jambo lingine la kwetu hasa. Watafiti wameripoti kwamba hapa Kagera, Karagwe ikiwemo, wamepatikana vimelea vya malaria vinavyochelewa kufa kwa dawa iliyo ndani ya dawa mseto. Dawa hiyo nayo asili yake ni mmea, pakanga ya Kichina, ila imechujwa na kupimwa kipimo. Mtoto akipata homa, mpeleke zahanati apimwe kwa kile kipimo cha tone la damu kidoleni. Akikutwa na malaria, amalize dozi yote ya siku tatu hata kama homa imeshuka siku ya pili. Akiwa amekunywa omubilizi nyumbani, mwambie mhudumu bila aibu; anahitaji kujua. Na mtoto anayetapika kila kitu, anayeshtuka degedege au asiyeamka vizuri, asisubiri majani yatwangwe.

Kwa mzazi aliyeuliza: mwache mwanao acheze, ila umwonyeshe omubilizi uani. Paka wenu akila nyasi msimfukuze, isipokuwa mahali palipopuliziwa dawa ya magugu au ya kahawa. Hapo mtoeni haraka.