Thamani ya Nasaba katika Biashara ya Wanyama Unguja

Mwenye hoteli ya Paje au Nungwi, au tajiri wa Mji Mkongwe aliyejijengea nyumba nje ya mji na kuizungushia ukuta, akitaka mbwa wa ulinzi mwenye asili inayojulikana, aghalabu humwagiza kutoka Dar es Salaam, Arusha au Nairobi. Na pamoja na kilebu huletewa karatasi iliyoorodhesha baba na mama, mababu na mabibi, hata kizazi cha nne, na kando ya baadhi ya majina hayo limeandikwa neno bingwa. Kila neno hilo linapoonekana bei hupanda, na kwa hiyo yampasa mnunuzi aijue karatasi anayoilipia, maana nayo ni bidhaa, na bidhaa haina budi kupimwa kabla ya fedha kutoka mkononi.

Desturi ya kuandika nasaba za mbwa katika daftari kuu ilianza Uingereza, ambako maonyesho ya kwanza yaliyopangwa kwa taratibu yalifanyika Newcastle mwaka 1859, na chama cha Kennel Club kikaasisiwa London mwaka 1873 na kutoa daftari lake la kwanza mwaka uliofuata. Katika pwani na bara letu kazi hiyo inashikwa na East Africa Kennel Club ya Nairobi. Ubingwa wenyewe si jambo la siri: kwa kanuni za Uingereza mbwa huhitaji vyeti 3 kutoka kwa waamuzi 3 mbalimbali, na kimoja kati ya hivyo lazima akipate baada ya kutimiza miezi 12. Waamuzi hao ni watu wenye maarifa na insafu. Walakin wanachokihukumu ni umbo, meno, manyoya na mwendo wa mnyama siku ile uwanjani, wala hapana mwamuzi awezaye kuziona figo zake, au kujua atafanya nini usiku wa manane mwizi atakapopanda ukuta.

Kisha iko hesabu, ambayo wauzaji hawapendi kuifanya mbele ya mteja. Mtoto hupokea nusu ya urithi wake kwa kila mzazi, takriban robo kwa kila babu au bibi, thumni kwa kila mmoja wa kizazi cha tatu, na sehemu moja katika 16 kwa kila mmoja wa kizazi cha nne. Hivyo bingwa mmoja aliyeandikwa pembeni kabisa mwa karatasi amemwachia kilebu sehemu ndogo mno, ilhali bei yake huombwa kana kwamba ndiye baba. Na jina moja likijirudia upande wa baba na upande wa mama, muuzaji hulitaja kwa fahari, nami nasema hapo ndipo mnunuzi apaswapo kusita. Wakipandishwa ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali, hutarajiwa asilimia 12.5 ya urithi wa mtoto iwe nakala ileile kutoka pande zote mbili. Wakiwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, asilimia 25. Na maradhi yaliyojificha hupata nafasi ya kudhihiri.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili umetoka kwa jirani zetu wa Kongo. Mbwa aitwaye basenji, ambaye wawindaji wa misitu ile humfunga njuga ya mti shingoni kwa sababu habweki, alipelekwa Uingereza na kuonyeshwa katika maonyesho ya Crufts mwaka 1937, na dhuria yake ikaenea Ulaya na Marekani kutokana na wazee wachache sana. Karatasi zilikuwa safi na mabingwa walikuwa wengi, lakini maradhi ya figo yaitwayo Fanconi yakaenea katika ukoo huo, hata wafugaji wa Marekani wakasafiri Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1987 na 1988 kutafuta damu mpya vijijini, na mwaka 1990 daftari la Marekani likafunguliwa kuwapokea mbwa 14 wasiokuwa na nasaba yoyote iliyoandikwa. Wale wasiojua karatasi ndio waliokuja kuwaokoa wenye karatasi.

Unguja si ngeni kwa tijara ya wanyama wa asili. Mtawala wake Sayyid Said bin Sultan alipompeleka mjumbe wake Ahmad bin Naaman New York kwa merikebu ya Sultana mwaka 1840, miongoni mwa hidaya zake kwa Rais Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu, na Bunge la Marekani likaruhusu farasi hao wauzwe. Waarabu wafuga farasi walizifuata nasaba zao kwa upande wa mama, na farasi mwenye thamani aliuzwa kwa hujja iliyotiwa sahihi na mashahidi waliomjua mama yake na dume aliyempanda. Huu naona ni utaratibu bora kuliko orodha ya vikombe, kwa kuwa shahidi alikuwa mtu aliyeweza kuulizwa. Punda weupe wa Maskati nao walithaminiwa sana katika nyumba za kifalme, na mnunuzi alimjaribu punda kwa kumpanda.

Lakini mahali ambapo hukumu ya nasaba imewafaa watu wa kisiwa hiki kwa fedha taslimu ni katika ng'ombe wa maziwa. Kwa miaka mingi mbung'o walifanya ufugaji wa ng'ombe wa kigeni kuwa bahati nasibu. Mpaka madume ya mbung'o zaidi ya milioni 8, waliozalishwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi, walipomwagwa kwa ndege juu ya Unguja kuanzia mwaka 1994, na mbung'o wa mwisho akaonekana Septemba 1996. Tangu hapo mfugaji mdogo wa shamba ana sababu ya kununua mbegu ya dume la Friesian au Jersey kutoka kituo cha uhimilishaji cha Usa River, Arusha. Dume bora wa maziwa hahukumiwi kwa uzuri wa pembe zake wala kwa kikombe cha babu yake. Huhukumiwa kwa maziwa ya binti zake, yaliyopimwa mara kwa mara katika mazizi ya watu mbalimbali. Laiti wafuga mbwa wangefuata mizani hiyo!

Mnunuzi wa mbwa, kwa hiyo, na aombe kuwaona wazazi wote wawili na ndugu waliozaliwa kabla. Na aombe picha ya eksirei ya nyonga zao, ambayo kwa utaratibu wa shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa hupewa daraja kuanzia A hata E, maana mbwa wa Kijerumani wa ulinzi huweza kuharibika nyonga kabla hajazeeka. Na asiseme kwamba hayo ni ya wakubwa wa Nairobi. Fedha ni zake.

Limebaki jambo la sharia, ambalo mfanyabiashara wa Unguja hawezi kulipita. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya walio wengi hapa, wanaruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda, bali hawaisahihishi bei yake. Mahanafi huruhusu kumwuza mwenye manufaa. Na katika fiqhi ya Kishafii iko njia ya mtu kuondoa mkono wake juu ya kitu kisichouzika na kulipwa kwa kuiacha haki yake. Muuzaji atakayeandika katika stakabadhi yake malipo ya kuacha haki mbali, chanjo mbali, mafunzo mbali, uchunguzi wa nyonga mbali na nauli ya meli mbali, atakuwa amemtua mzigo mteja mwenye kuchunga dini yake, na papo hapo atakuwa amemwonyesha ni shilingi ngapi hasa anazodaiwa kwa ajili ya majina ya mabingwa.