Tambi kwa Mchuzi wa Nyama

Leo twapenda kunena juu ya chakula cha jioni kiwafaacho watu wa Kiwalani, Dar es Salaam, na kila nyumba yenye walaji wengi na nyama kidogo: tambi kwa mchuzi wa nyama ya kusaga.

Tambi si ngeni pwani yetu. Akina mama huzipika kwa tui la nazi, sukari na iliki, hasa mwezi wa Ramadhani. Kuzila kwa mchuzi wa nyama ni desturi ya Italia. Jirani zetu Wasomali waliipokea zamani za utawala wa Waitaliano, kabla ya uhuru wao wa mwaka 1960, wakautia mchuzi viungo vyao wenyewe.

Faida yake ni hii. Nusu kilo ya nyama ikikatwa vipande kwa watu 6, katika sinia moja mwepesi wa mkono ndiye ashibaye, na mtoto mdogo hubaki na mchuzi mtupu. Lakini ikisagwa huenea chakula kizima, na kila mtu hupata fungu lake.

Mchuzi na utangulie, maana wataka muda wa saa nzima, hali tambi huiva kwa dakika 10 hivi. Nyama iliyosagwa huoza upesi, kwa kuwa vijidudu vilivyokuwa juu yake vimekwisha kuchanganywa ndani. Basi inunuliwe na kupikwa siku ile ile. Kaanga vitunguu 2 hata vigeuke rangi, utie vitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, kisha nyama. Ivunjevunje kwa mwiko, hata wekundu wote utoke na maji yake yakauke. Tia nyanya 6 zilizokatwakatwa, karoti iliyokunwa, bizari na chumvi. Funika, punguza makaa, uache mchuzi utokote polepole mpaka mafuta yaelee juu.

Ndipo uchemshe maji lita 4 yenye chumvi. Yakitokota kwa nguvu, tia tambi nusu kilo, ukoroge dakika 2 za kwanza. Sababu yake ni kwamba tambi zina wanga, nao upatapo moto huvimba na kunata kama gundi. Maji yakiwa machache au vuguvugu, tambi hugandamana. Onja uzi mmoja: ukiwa laini, lakini ungali na ugumu kidogo katikati, chuja mara moja.

Usizioshe kwa maji baridi, wala usimwage maji yote. Kikombe kimoja kitie katika mchuzi. Wanga uliomo huupa uzito, ukashikamana na tambi.

Mwisho, mama wa nyumba asipakue tambi mbali na mchuzi mbali. Azichanganye sufuriani, ili apakuliwaye kwanza na apakuliwaye mwisho wale sawasawa.