Neno Refu Chini ya Mlima Longonot

Mpwa wangu alikuwa na mwezi mzima hanyanyui mkono darasani. Alisimamishwa asome kwa sauti, akafika penye neno "telecommunications", akakwama kama mashua iliyopanda fungu. Wenzake wakamcheka. Na huyu chuoni ndiye hodari wa kusoma!

Likizo tulikwenda Nakuru kwa jamaa. Tulipokwisha teremka Bonde la Ufa, Longonot ikatokea mkono wa kushoto. Wamaasai huuita Oloonong'ot, mlima wa migongo mingi.

"Mwanangu," nikamwambia, "neno lako makao yake ni hapa." Mwaka 1970 ndipo kilipofunguliwa Longonot kituo cha simu za setilaiti. Kabla yake simu za ng'ambo zilipitia mawimbi ya redio, sauti ikija na kupotea. Na kampuni ya simu hizo ilikuwa na neno lenyewe katika jina lake: East African External Telecommunications.

Nikamkatia vipande: te-li-ka-myu-ni-kei-shanz. Saba tu. "Tele" ni Kiyunani, maana yake mbali. Kinachofuata ni Kilatini: kufanya jambo liwe la wote, kushirikiana. Mkazo mkubwa uko juu ya "kei", silabi ya pili kutoka mwisho, pale pale Mswahili anapoukaza: wa-SI-li, wa-si-li-A-na, ma-wa-si-li-A-no.

Akanitazama. "Mjomba, mawasiliano si ndiyo hayo hayo?"

Naam! Nalo ni la wau, swadi na lamu, herufi za wasli anayoijua chuoni, pale neno linapoungwa na lenzake pasi na kituo. Humo humo imetoka sila, ile ya silatu-rahimi, kuunga udugu. Wazungu wameanza na umbali. Waarabu wameanza na kuunga. Mimi, kwa kuwa nina ndugu Maskati, naona wa pili wamegusa penyewe.

Mtoto akalisoma mara ya kwanza kwa kunong'ona, ya pili abiria wa mbele wakageuka. Hapana aliyecheka.

Tulipofika Naivasha akaniuliza: kwa nini Mwingereza husema TE-legraph, kisha te-LE-graphy, kisha tele-GRA-phic, mkazo ukirukaruka hivyo, na shina ni moja?

Nikamnunulia hindi la kuchoma.