Kukodi Chumba cha Hoteli Isiyotajwa Jina: Je, ni Gharar?

  

Swali tunalolijadili katika makala hii limetufikia kutoka Ifakara, kwa mzee mmoja mkulima wa mpunga ambaye kijana wake anaishi Marekani. Kijana huyo alimsimulia baba yake kwamba kila anaposafiri hulala katika hoteli kubwa kwa bei ya chini sana, kwa sababu hulipa kwanza ndipo akaambiwa hoteli yenyewe ni ipi. Sasa amemwalika mzee wake amtembelee, na vyumba vya njiani atavipata kwa njia hiyo hiyo. Mzee ameshtuka. Anauliza: mtu analipaje fedha kwa kitu asichokijua, na hali Mtume (S.A.W.) amekataza biashara ya gharar? Na yeye atakayelala humo, hukumu yake ni ipi?

Swali hili halistahiki kujibiwa kwa neno moja. Mafaqihi wanatufundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Basi tuanze kwa kukifahamu.

Kampuni ya Priceline ilianzishwa Marekani mwaka 1997, na mwaka 1998 ikaanza kupokea maombi ya wateja kwenye intaneti, kwanza kwa tiketi za ndege, kisha vyumba vya hoteli. Mteja alitaja mji, sehemu ya mji, tarehe na daraja la hoteli kwa idadi ya nyota. Halafu, na hili ndilo lililokuwa geni, alitaja yeye mwenyewe bei aliyo tayari kulipa na kuandika namba za kadi yake ya benki. Kama ipo hoteli ya daraja hilo katika sehemu hiyo iliyoridhia kiwango hicho, fedha zilikatwa papo hapo, na hapo ndipo jina la hoteli lilipofichuliwa. Hakuna kughairi wala kurudishiwa. Kama bei haikukubaliwa, hakukatwa hata senti, ila hakuweza kurudia ombi lile lile palepale. Ilimlazimu abadilishe eneo au daraja, au asubiri. Mwaka 2000 ikaja Hotwire, ambayo bei huitaja yenyewe na kinachofichwa ni jina tu. Mtindo wa mteja kutaja bei uliachwa na Priceline, kwa ndege mwaka 2016 na kwa hoteli baadaye, lakini vyumba vya jina lililofichwa vinauzwa mpaka leo, na kampuni hizo mbili zimo katika biashara hiyo.

Kwa nini hoteli zikubali? Kwa sababu chumba kilicholala tupu usiku wa leo hakiwezi kuuzwa kesho, usiku umeshapita. Lakini hoteli ikitangaza hadharani kwamba imeshusha bei, basi hata wale waliokuwa tayari kulipa bei kamili watadai punguzo. Ikificha jina, punguzo linawafikia wale tu wasiojali walale hoteli ipi. Ni muhimu kulielewa hili, kwani unafuu huo hautokani na ulaghai. Mteja ameacha haki yake ya kuchagua, na punguzo ndiyo thamani ya haki hiyo.

Sasa turudi Ifakara. Anayeshuka kwenye treni ya TAZARA usiku, au anayeelekea Mahenge na Malinyi akachelewa kuvuka Mto Kilombero katika miaka ile ya kivuko, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2018, alitafuta gesti. Mhudumu alichukua funguo akamwonyesha chumba. Msafiri alitazama chandarua kama kimetoboka, akawasha feni, akafungua bomba. Akiridhika, aliandika katika kitabu cha wageni jina lake, atokako na aendako, akalipa. Ukodishaji huu ni sahihi kwa madhehebu zote, na hakuna haja ya kuuhangaikia. Lakini siku hizi mtu yuko Morogoro anapiga simu, anaambiwa chumba cha selfu kipo, anatuma fedha kwa simu, na hajui ni chumba namba ngapi wala kinatazama wapi. Hatujasikia aliyeuliza hukumu ya jambo hili. Na ukilipima kwa mizani ya fiq-hi, tofauti yake na lile la Marekani ni ya kiwango tu, asili ni moja.

Gharar, kwa maneno mepesi, ni kuuziana kitu ambacho mwisho wake umefichika: hakijulikani kama kipo, au kipo kiasi gani, au kitapatikana. Katazo lake limethibiti katika hadithi ya Abu Huraira (R.A.) iliyopokewa na Imam Muslim. Lakini wanazuoni hawakuichukulia kila chembe ya kutojua kuwa ni gharar iliyokatazwa. Imam an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277), ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomeshwa kwa vizazi katika madrasa za pwani yetu, alipoisherehesha hadithi hiyo alitaja mambo ambayo Waislamu wamekubaliana kuwa yanafaa juu ya kuwa ndani yake mna kutojua. Kukodi nyumba kwa mwezi ni halali, ingawa mwezi huwa siku 29 au 30. Kuingia hamamu kwa malipo ni halali, ingawa huyu atakaa kitambo na yule atatumia maji mengi. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa kutojua huko, haja ya watu, na kama kutaleta ugomvi.

Wapo waliokimbilia kusema kwamba hii ni kamari. Hatukubaliani nao. Katika kamari mtu hutoa mali yake akiwa kati ya kupata na kupoteza. Huyu akikubaliwa anapata chumba, na asipokubaliwa fedha zake zinabaki kwake. Ingekuwa kila anapotaja bei anatozwa ada isiyorudi, hapo ingekuwa kamari bila shaka, na zimewahi kuwepo tovuti za mnada za namna hiyo. Mtu ajihadhari nazo. Ama mteja kutaja bei na mwenye mali akaridhia, hilo ni ijabu na kabuli ya kawaida, imetangulia tu kutoka kwa mnunuzi. Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliuza tandiko na bakuli kwa mnada, kama ilivyopokewa kwa Anas (R.A.), na Jumuiya ya Kimataifa ya Fiq-hi ilipokutana Brunei mwaka 1993 ililijadili suala la mnada na ikaukubali kwa masharti yake.

Linalobaki ndilo zito, nalo ni kutojulikana kwa hoteli. Mkulima wa Kilombero ana ufunguo wake mkononi pengine bila kujua.

Mpunga wa bondeni hupandwa mvua zikianza kukolea mwishoni mwa mwaka na mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na mavuno huwa kuanzia Mei hivi. Katikati hapo, njaa inapobana na ada za shule zinadaiwa, huja mfanyabiashara na fedha taslimu akanunua mpunga ungali mbichi shambani. Amekwenda, ameuona kwa macho yake, ameuzunguka. Na pamoja na kuona huko, biashara hiyo haifai, kwa sababu Mtume (S.A.W.) alikataza kuuzwa nafaka iliyo katika masuke mpaka ikomae na isalimike na maafa. Mto ukifurika, au ndege wakishuka, nani atabeba hasara?

Lakini upo mlango wa halali, nao ni salam. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla ya mwaka na miaka miwili, akawaruhusu kwa sharti la kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Basi mkulima anaweza kupokea leo bei yote ya gunia kumi za mpunga, akataja aina yake, kwani Supa inayonukia si Saro, akataja uzito wa kila gunia na siku ya kukabidhi. Mnunuzi hajauona mpunga huo, pengine hata haujaota. Na tazama ajabu hii: mafaqihi wamesema salam ikifungwa kwa mazao ya shamba fulani dogo kwa jina lake, inaharibika, kwa kuwa shamba hilo linaweza lisitoe. Yaani kutotaja shamba ndiko kunakoisalimisha biashara.

Hivyo kutotajwa jina si kasoro kwa dhati yake. Kitu kikidhibitika kwa sifa, sifa hushika nafasi ya macho. Je, chumba cha kulala kinadhibitika kwa sifa?

Wazee wetu wa fiq-hi walisema hapana. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika Afrika Mashariki, ijara ni ya aina mbili: ya kitu chenyewe kilichoainishwa, na ya kitu kilicho katika dhima kwa wasifu, kama kukodi mnyama wa kupanda wa sifa kadha. Nyumba na ardhi wameziweka katika aina ya kwanza peke yake. Mahanbali nao, pamoja na kukubali kukodi kwa wasifu, wamesema nyumba ni lazima ionwe kwani wasifu hauidhibiti. Mahanafi wameruhusu kukodi kisichoonwa, lakini wamempa mkodishwaji hiari ya kukubali au kukataa atakapokiona. Na hiari hiyo ndiyo hasa iliyoondolewa na tovuti hizi. Kwa hiyo asemaye kwamba jambo hili ni halali bila shaka yoyote kwa madhehebu zote, hajavifungua vitabu.

Ila sababu waliyoitaja ni moja: nyumba moja haifanani na nyingine. Hukumu huzunguka na sababu yake, ikiwepo ipo na ikiondoka inaondoka. Hoteli za miji mikubwa leo hujengwa kwa ramani moja, vitanda vya kipimo kimoja, bafu la namna moja, hata ukiamka usiku hujui uko ghorofa ya tatu au ya tisa. Vyumba hivi vimekaribia kuwa kama nafaka ya aina moja. Kwa kuitazama hali hii, wanazuoni wengi wa zama zetu wameruhusu kukodi jengo kwa wasifu ulio katika dhima, na taasisi ya AAOIFI yenye makao yake Bahrain imeliingiza jambo hilo katika viwango vyake vya sharia kuhusu ijara, kwa sharti kwamba sifa zidhibitiwe kiasi cha kutoleta mzozo.

Sisi tunaielekea kauli hii, tena kwa mipaka yake. Atakayeitumia ahakikishe yametajwa eneo dogo la mji, daraja, idadi ya watu na vitanda, na kwamba bei ni kamili, maana hoteli nyingine hudai ada za ziada mlangoni. Ajue pia kwamba nyota hizo aghalabu hupangwa na tovuti yenyewe, si na serikali ya nchi. Na kikipungua kile kilichoelezwa, haki yake ya kuvunja mkataba ipo kisharia hata kama maandishi ya tovuti yanasema hakuna kurudishiwa. Sharti hilo linafaa kwa anayebadili nia tu.

Na kauli hiyo hiyo haitupeleki kuruhusu jambo hili Ifakara. Gesti zetu, chumba kimoja kina dirisha na kingine hakina, kimoja kiko kimya na kingine kimepakana na baa. Mtu akiwauzia wasafiri chumba katika gesti yoyote ya mjini bila kuitaja, atakuwa amerudi pale pale walipokataza mafaqihi. Mkataba mmoja unaweza kufaa Chicago usifae Kilombero.

Tuongeze jambo moja ambalo limetukera. Wako watu wanaoitilia shaka hoteli ya Marekani, na kila msimu wananunua mpunga kwa lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu, debe moja au mbili zaidi, na bei ni ya gunia la kawaida. Gunia hilo linaonekana na kushikwa, na kiasi chake hakijulikani. Zaidi ya gharar, humo mna dhulma ya vipimo ambayo Qur'ani imeikemea kwa ukali, na mwenye kudhulumiwa ni jirani.

Vilevile safari za Umra. Matangazo mengi huahidi hoteli ya nyota kadhaa ya jina fulani au nyingine inayolingana nayo. Kulingana kwa nini? Kwa nyota, au kwa umbali kutoka Msikiti Mtukufu? Kwa bibi wa miaka sabini kutoka Mlimba, umbali ndio chumba chenyewe. Tumesikia malalamiko ya waliofika wakajikuta mbali, wakikosa swala za jamaa kwa sababu ya magoti. Kuacha jina kunavumilika. Kuacha umbali hakuvumiliki, na waandaaji wauandike katika mkataba kwa mita.

Ama mzee wetu, mkataba si wake, ni wa kijana wake, na kijana amefuata kauli ya wanazuoni wanaotegemewa katika suala lenye ikhtilafu. Fedha ni za halali na chumba amekaribishwa kama mgeni. Hana dhambi ya kulala humo. Akitaka kujitoa katika ikhtilafu, amwambie kijana amtafutie chumba cha hoteli inayotajwa jina. Tovuti hizo hizo huviuza, kwa bei ya juu kidogo. Wallahu aalam.