Mtembezi wa Mpira

Mtu akipita karibu na mabweni yetu jioni ya Jumamosi hana budi kusikia ubishi wa mpira. Huyu ni mtu wa Arsenal, yule wa Liverpool, na wa tatu anaapa kwamba hakuna timu duniani ila Manchester United. Majina ya wachezaji yanatajwa kama majina ya jamaa wa nyumbani. Lakini jaribuni kuwauliza mabingwa hao habari za Walsall, au Gillingham, au Port Vale. Hapo kelele zitakoma, na kila mmoja atamtazama mwenzake.

Ajabu yake ni kwamba wengi wa wale wanaojipatia riziki kwa mpira huko Uingereza hawachezi katika timu hizo zinazobishaniwa bwenini. Wanacheza katika miji midogo, mbele ya watazamaji elfu chache, mara nyingi katika mvua na baridi, na mwaka ukiisha hawajui kama mwaka ujao watakuwa na kazi. Nimeona yafaa kuandika habari zao, kwa kuwa kila mwaka hakosi mvulana katika shule hii anayesema moyoni mwake, "Mimi nitakuwa mchezaji wa kulipwa." Huyo yampasa kujua kazi yenyewe ilivyo.

Ngazi ya madaraja

Ligi ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1888 ikiwa na klabu 12 tu. Iliongezeka kidogo kidogo, hata mwaka 1950 klabu zikawa 92, katika madaraja manne kama tunavyoyajua leo, ingawa wakati huo la tatu lilikuwa limegawanyika upande wa kaskazini na upande wa kusini. Mwaka 1992 klabu za daraja la juu zilijitenga zikaunda Ligi Kuu, ambayo sasa ina timu 20. Timu 72 zilizobaki zimo katika madaraja matatu chini yake. Na chini ya hizo tena kuna ligi nyingine nyingi za miji na wilaya, ambamo mchezaji huweza kufanya kazi mchana na kwenda mazoezini jioni.

Ngazi hiyo hupandwa na kushukwa. Timu zilizo bora hupanda daraja kila mwaka, na zilizo dhaifu hushuka. Tangu mwaka 1987 kuna mashindano madogo mwishoni mwa msimu: timu zilizokaribia kupanda hushindana zenyewe kwa zenyewe kutafuta nafasi moja iliyobaki. Mwaka huo huo wa 1987 ndipo ilipoanza desturi ya timu ya mwisho kabisa kutolewa katika ligi papo hapo. Zamani klabu wenzake walipiga kura, na mara nyingi walimhurumia.

Sasa fikirini maana yake kwa mchezaji. Timu ikishuka, mapato ya klabu hupungua. Mapato yakipungua, viongozi hutafuta mshahara wa kukata. Basi bao moja la mwezi wa Mei laweza kumpa mtu nyumba, au kumnyang'anya.

Jinsi mchezaji anavyoajiriwa

Mchezaji hutia sahihi mkataba wa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Kabla mkataba haujaisha, klabu nyingine ikimtaka, hainabudi kulipa fedha kwa klabu yake. Huko ndiko kuuzwa. Pengine klabu humwazima mwenzake mchezaji kwa muda, hata msimu mzima, kisha humrudisha. Na mkataba ukiisha pasipo kuandikwa mwingine, mchezaji huachwa huru. Yaani hufunga viatu vyake katika mfuko na kwenda kubisha hodi mahali pengine, akiomba ajaribiwe.

Mambo haya hayakuwa hivi siku zote. Hata mwaka 1961 hapakuwa na mchezaji yeyote wa ligi aliyeruhusiwa kupata zaidi ya pauni 20 kwa juma, awe hodari namna gani. Chama cha wachezaji, chini ya Jimmy Hill, kilitishia mgomo, na sheria hiyo ikafutwa Januari mwaka huo. Mwaka 1963 George Eastham alishinda kesi mahakamani, kwa kuwa klabu zilikuwa zikimzuia mchezaji hata baada ya mkataba wake kwisha. Mwisho, Desemba 1995, Mahakama ya Ulaya iliamua katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman kwamba mkataba ukiisha, mchezaji aweza kuhamia klabu ya nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya bila fedha kulipwa. Uhuru ukaongezeka. Lakini uhuru una pande mbili: mchezaji aliye huru kwenda, klabu nayo i huru kumwacha.

Habari za Steve Claridge

Ili tuelewe vizuri, natumia mfano wa mtu mmoja. Steve Claridge alizaliwa mwaka 1966 katika mji wa Portsmouth, ulio bandari ya kusini mwa Uingereza. Alikuwa mshambuliaji. Hakuwa na mbio za ajabu, wala hakupendeza kumtazama: soksi zake zilikuwa zimeteremka mpaka vifundoni, na shati lake likining'inia nje. Lakini alikimbia dakika zote 90, na mlinzi aliyepangiwa kumkaba hakupata nafasi ya kupumzika.

Alianza katika klabu ndogo ya Fareham Town. Mwaka 1984, akiwa na miaka 18, alichukuliwa na Bournemouth, akacheza mara chache tu, kisha akaachwa. Hapo wengi hukata tamaa. Yeye alishuka chini ya ligi, akaenda kuchezea Weymouth kwa muda wa miaka mitatu hivi. Mwaka 1988 Crystal Palace ya London ilimchukua. Alidhani mlango umefunguka. Lakini hakuwekwa katika timu ya kwanza hata mara moja, na punde si punde akapelekwa Aldershot.

Aldershot ilikuwa klabu maskini. Claridge alihama Februari 1990, na ilikuwa bahati yake, kwani Machi 1992 klabu hiyo ilivunjwa kwa sababu ya madeni, katikati ya msimu. Michezo yote iliyocheza msimu ule ilifutwa katika hesabu za ligi kama kwamba haikuchezwa. Wachezaji waliokuwamo walibaki bila kazi. Huo ndio upande wa kazi hii ambao hauonyeshwi katika televisheni.

Alikokwenda ni Cambridge United, katika daraja la nne. Meneja wake, John Beck, alikuwa mtu mwenye mambo yake: aliwamwagia wachezaji maji baridi kabla ya mchezo ili wachangamke, na mchezo wake ulikuwa wa kupiga mipira mirefu mbele. Watu walicheka, lakini timu ilipanda daraja mwaka 1990, ikapanda tena mwaka 1991. Mwaka 1992 Claridge aliuzwa Luton Town, na kabla mwaka haujaisha akarudi Cambridge. Mwanzoni mwa 1994 alinunuliwa na Birmingham City, na msimu wa 1994–95 alifunga mabao zaidi ya 20, na timu yake ikawa ya kwanza katika daraja la tatu.

Machi 1996 Leicester City ilimlipia zaidi ya pauni milioni 1. Hapo alikuwa karibu kutimiza miaka 30, umri ambao wengi wameanza kufikiri juu ya kustaafu. Tarehe 27 Mei mwaka huo Leicester ilikutana na timu nyingine katika uwanja wa Wembley, mshindi apande Ligi Kuu. Timu hiyo nyingine ilikuwa nani? Crystal Palace, wale wale ambao hawakumpa hata mchezo mmoja.

Zilikuwa 1 kwa 1, na dakika za nyongeza zilikuwa zikiisha. Meneja Martin O'Neill alikuwa amekwisha kuingiza golikipa mrefu sana, Zeljko Kalac, kwa ajili ya kupigiana penalti. Ndipo mpira ulipomfikia Claridge mbali na goli. Akaupiga, nao ukamgonga katika muundi, si katika wayo. Ukaruka, ukaingia juu pembeni, na golikipa amesimama. Leicester ikapanda Ligi Kuu kwa pigo lisilo zuri la mtu asiye maridadi.

Mwaka uliofuata, Aprili 1997, alifunga bao pekee katika marudio ya fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Middlesbrough, mjini Sheffield. Kwa bao hilo Leicester ilishika kombe na kupata nafasi ya kucheza Ulaya.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kuwasimulia watoto. Lakini kazi ya mtembezi haiishi hivyo. Mwaka 1998 alikuwa tayari njiani tena: Portsmouth kwa kuazimwa, Wolverhampton kwa miezi michache, kisha Portsmouth tena, mji wake wa kuzaliwa. Huko alifanywa mchezaji na meneja pamoja mwezi wa Oktoba 2000, akaondolewa Februari 2001. Akaenda Millwall, akarudi Weymouth. Mwaka 2005 Millwall ilimpa umeneja, ikamfukuza baada ya siku 36, kabla timu haijacheza hata mchezo mmoja wa ligi. Alichezea pia Brighton, Wycombe, Gillingham, Bradford City na Walsall. Alikuwa amekwisha kucheza katika madaraja yote manne.

Tusifiche na lingine, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha. Katika kitabu chake cha mwaka 1997 alieleza wazi kwamba alipoteza fedha nyingi sana kwa kubahatisha katika mashindano ya farasi. Mchezaji ana saa nyingi bila kazi. Mazoezi huisha adhuhuri, yuko mbali na nyumbani, mfukoni ana mshahara wa juma. Hatari yake si kuvunjika mguu tu.

Tujifunze nini?

Kwanza, kuachwa si kufa. Kijana aliambiwa hafai, na miaka mingi baadaye alifunga bao lililopandisha mji mzima. Lakini hakukaa nyumbani akilia. Alishuka mahali pa chini, akacheza kila Jumamosi, mpaka aonekane tena.

Pili, wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Kila klabu mpya ni nyumba mpya, wenzi wapya, meneja mpya mwenye desturi zake. Aliye na mke na watoto huwahamisha, au huwaacha. Kazi yenyewe ni fupi. Wengi hawafiki miaka 35, na mshahara wa madaraja ya chini hautoshi kumlisha mtu mpaka uzee wake. Kwa hiyo mvulana anayetaka mpira asitupe vitabu. Mguu ni mmoja, nao huvunjika. Fundi hodari hubeba zana mbili katika mfuko wake.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tusimdharau mchezaji wa daraja la chini. Bila watu wa namna ya Claridge ligi haingekuwapo. Timu kubwa zina nyota, lakini kuta za nyumba zinashikwa na mawe ambayo hakuna ajuaye majina yake.

Namalizia na mchezo mmoja. Mwaka 2006 Claridge alikuwa na miaka 40, naye alikuwa amecheza michezo 999 ya kulipwa. Klabu iliyokubali kumpa wa 1,000 ilikuwa Bournemouth, ile ile iliyomwacha alipokuwa kijana. Tarehe 9 Desemba aliingia uwanjani kucheza na Port Vale, soksi zimeteremka kama kawaida yake. Je, alifunga? Hasha. Bournemouth ilifungwa 4 kwa 0, nyumbani kwake.

Jioni mkibishana tena bwenini, ndugu zangu, mtajieni na huyu jina lake. Hakushinda mchezo wake wa elfu, lakini aliufikia, na njia nzima aliipita kwa miguu yake mwenyewe.